Jumapili ya Barafu ya Ladoga

Staraya Russa, 6 Aprili 1997

Zakhar, mjukuu wangu wa korido,

Hujambo? Mimi nyonga mbovu, mdomo mzima. Mpwa wangu Zoya ananilisha uji kama kifaranga, na dirisha langu linatazama banda la mbuzi wa jirani. Mtu aliyezeekea kwenye kiti cha mlinzi ndani ya jumba la kifalme, akiwaambia wageni msiguse, leo anaangalia mbuzi. Nao mbuzi wanagusa kila kitu.

Huko kwenye fleti yetu ya pamoja, chumbani kwangu usiingie na viatu. Maua uyamwagilie maji, siyo chai iliyobaki. Nakujua.

Sasa nina jambo la kukutuma, na hili si la mchezo. Soma taratibu, ukifika mwisho rudia.

Lile jumba nililokuwa nalinda pale ukingoni mwa mto Moika lilikuwa na fundi wa saa, Venedikt Osipovich. Kila Jumatatu alipita kumbi zote akizitia saa ufunguo. Tulipendana. Usicheke. Yeye alikuwa na mke, mimi nilikuwa na mume, na wote wawili walikuwa watu wema wasiostahili kutendewa ubaya. Tukawekeana sharti: hakuna barua, hakuna simu, hakuna kufuatana nyumbani. Mara moja tu kwa mwaka, mchana kweupe mbele za watu, kwenye Daraja la Simba, Jumapili ya kwanza baada ya barafu kupita, mzinga wa saa sita ukilia ngomeni. Tunaulizana hali, tunaachana. Kisha mkewe alikufa, na mume wangu akafuata, sisi tukabaki na desturi yetu kama kiatu kilichokwisha kuzoea mguu. Anapoishi sijui, na kwangu hapajui. Asiyefika, mwenzake atajua kwamba amekufa. Ndivyo tulivyopatana.

Bintiye yuko Krasnoyarsk, kule jua linakoamkia, na kila mwaka anamwita akaishi naye. Venedikt humjibu: siku nitakapokosa wa kumngojea, nitakuja.

Mwaka huu mimi siwezi hata kushuka ngazi, na nyumba hii haina simu. Nenda wewe. Mwambie Kapitolina yu hai, amevunjika nyonga, yuko kwa mpwa wake, na anwani hii hapa. Maneno machache tu. Usiongeze ya kwako.

Bibi yako wa chumba cha pili,
Kapitolina Yegorovna


Petersburg, 20 Aprili 1997

Bibi Kapitolina, shikamoo!

Maua yamenenepa mpaka yanataka kulipa kodi ya chumba. Chai hawajaonja. Labda mara mbili.

Sasa kaa vizuri usikie habari kubwa. Chuo cha ufundi bomba nimekiaga, au kimeniaga, inategemea unamuuliza nani. Mimi sasa ni mtu wa boti! Nahodha Fadey amenichukua kwenye boti yake ya watalii. Alinisikia nikigombana na muuza mbegu za alizeti sokoni, akasema sauti hii inaweza kuwafufua wafalme waliolala ngomeni, akaahidi kunikabidhi kipaza sauti. Kazi yenyewe rahisi: unapita mferejini, unawaambia wageni hili jumba la nani, lile daraja la nani, nani alimwua nani na kwa ajili ya mwanamke gani. Wenzangu wa boti nyingine wamesomea chuo kikuu, ndiyo maana abiria wao wanasinzia. Mimi sijasoma, kwa hiyo sina cha kunizuia. Lile jumba la rangi ya waridi pale kwenye kona nimeshaamua lilijengwa na mwinyi mmoja aliyefilisika kwa kuwashonea mbwa wake viatu. Ukibisha, lete hati.

Umeniita mtu wa Tikhvin mwaka mzima, mshamba wa kuja. Subiri msimu uanze. Mji huu utanijua.

Haya, lile jambo lako. Barafu imepita, mto uliokuwa mweupe umekuwa mweusi, na leo Jumapili nimetoka huko. Nimesimama Daraja la Simba tangu kabla ya mzinga mpaka masikio yakawa kama ya kuazima. Nimeegemea mabawa ya dhahabu ya simba mmoja, nikamtazama kila anayepita. Alipita mama na kigari cha mtoto, akapita mbwa akakojoa, basi. Hakuja mtu. Pole, Bibi. Labda ameshakwenda kwa bintiye. Au amesahau. Wazee mnasahau.

Samahani kwa hizi alama za rangi kwenye karatasi.

Mjukuu wako mwenye sauti,
Zakhar


Staraya Russa, 29 Aprili 1997

Zakhar,

Marahaba, mtu wa boti. Nimecheka kwa ajili ya mbwa na viatu vyao. Zoya alidhani nimepata homa.

Simba wa Daraja la Simba hawana mabawa, mwanangu. Ni simba weupe wa kawaida, wameng'ata minyororo inayoshika daraja. Wenye mabawa ya dhahabu wako mbele zaidi kwenye mfereji huohuo, jirani na ile benki ya zamani. Basi ulisimama daraja lisilo lenyewe. Au hukusimama popote, na rangi ya kwenye karatasi ni ya boti ya Fadey. Sikuulizi. Nilikuwa kijana na mimi, na mji huo una madaraja mengi ya kukosea.

Tena hukuharibu kitu. Kosa ni langu, nimemwandikia mtu wa Tikhvin kana kwamba amezaliwa hapo. Barafu ni mbili. Ya kwanza ni ya mto wenyewe, hiyo uliyoiona. Baadaye, watu wakishavua makoti, inashuka ya pili kutoka ziwa Ladoga, vipande vyeupe vikubwa kama milango, na baridi inarudi kuwacheka waliovua. Tunaposema barafu imepita, sisi wa huko, tunasema hiyo ya pili. Inakuja pamoja na koryushka, samaki wadogo wenye harufu ya tango, na mji mzima unanuka tango. Jumapili itakayofuata baada ya hapo ndiyo yenyewe. Bado ipo mbele yako.

Utamjua kwa urahisi. Atakuwa na mfuko wa wavu wenye koryushka waliofungwa kwa gazeti, kwa sababu yeye huleta samaki na mimi huleta mkate mweusi niliotia mbegu za giligilani, nyingi kuliko anavyozipenda. Tunabadilishana, kila mmoja anakwenda kula kwake. Na mzinga ukilia atatoa saa ya mfukoni kutazama kama mzinga umekosea. Asiyeletewa mkate huwarudisha samaki majini. Hiyo ndiyo alama yetu, kama mwenzio hayupo tena duniani.

Usimwache akafika hapo, Zakhar.

Kapitolina Yegorovna


Petersburg, 12 Mei 1997

Bibi, shikamoo!

Jana tumefungua msimu! Ningekuwa na mkia ningeutingisha. Boti ilijaa mpaka Fadey akawaketisha watoto juu ya maboya. Mimi kichwani kofia ya nahodha (ya kuazima), mkononi kipaza sauti, na mji mzima umejipanga pande mbili kunisikiliza. Nakwambia hakuna mfalme aliyewahi kupita kwenye mfereji ule kwa fahari kama ile.

Jumba la Majira ya Baridi nimesema lina vyumba vingi hivi kwamba malkia mmoja alipotea akienda chooni akatokea na mume mwingine. Mama mmoja kutoka Samara alicheka mpaka akashikwa mgongo. Kila tukikaribia daraja napiga kelele, waungwana, inamisheni vichwa, daraja hili halijui vyeo! Madaraja ya huko ni ya chini sana, Bibi, ukisimama yanakunyoa. Nimeyajua yote kwa matumbo yao. Watu wa juu wanaona vyuma na taa, mimi naona ukungu, viota vya njiwa, na maneno yaliyoandikwa na wahuni.

Na sikia hii, ndiyo iliyomaliza mchezo. Tulikuwa tunafika Daraja la Simba, hilohilo lako (nimeona mabawa hawana, nilichanganya). Mzinga umelia punde. Pale juu amesimama mzee mmoja, kofia safi, viatu vimepigwa rangi, mkononi mfuko wa wavu una samaki, anatazama saa kama mtu aliyekopeshwa dakika. Huku anatazama, huku anageuka, kushoto, kulia. Nikaona zawadi hii siiachi. Nikanyanyua kipaza sauti: Babu, usihangaike, bibi harusi amekukimbia, kaolewa na mwenye boti! Abiria walivunjika mbavu. Hata Fadey, asiyecheka tangu ubatizo wake, alicheka.

Tuliporudi mzunguko wa pili alikuwa bado yupo. Mara akafungua gazeti, akawamwaga samaki wote majini, mmojammoja, kama mtu anayewapa nauli. Nikatangaza: na sasa mheshimiwa anawarudisha nyumbani kwao, maana wamegoma kukaangwa! Makofi, Bibi. Makofi kabisa.

Nilifikiri kidogo wakati ule, kisha sikufikiri tena, kwa kuwa daraja linalofuata lilikuwa limefika.

Barua yako ninayo, sijaifungua bado kwa shughuli hizi za msimu.

Zakhar, sauti ya mfereji


Staraya Russa, 18 Mei 1997

Zakhar.

Ifungue.

K. Y.


Petersburg, 25 Mei 1997

Bibi Kapitolina,

Shikamoo, hata usipoitikia.

Nimeifungua. Ilikuwa kwenye rafu ya korido, chini ya kofia yangu ya baridi, tangu kabla ya Sikukuu ya Ushindi ya tarehe tisa Mei. Shughuli za msimu ni uongo. Niliogopa. Nilidhani ndani yake umelia kwa sababu nilikuambia hakuja, na mimi sikupenda kumsomea mtu kilio nilichompikia mwenyewe. Nikasema itakaa hapo mpaka ipoe.

Nimeisoma nimeketi sakafuni chumbani kwako. Viatu nilivua.

Ile Jumapili ya Aprili sikwenda popote. Nilikuwa napaka boti rangi. Nilisema nitakwenda mchana, halafu Fadey akaleta mikate ya nyama, halafu nikasema mzee wa watu atakuwa ameshaondoka, halafu nikakuandikia. Umeshajua. Ulijua na bado ukanitafutia daraja la kusingizia. Hilo ndilo linaloniwasha, Bibi. Ungenitukana ningekujibu, unajua mimi sikosi la kujibu.

Nimekwenda pale jumba lako la Moika. Mwaka mzima nimelipita kwa nje nikalitungia uongo, ndani sijawahi kuweka mguu. Mlangoni wakanivisha zile ndara za kitambaa kizito juu ya viatu ili nisikwaruze sakafu, nikateleza kama ng'ombe juu ya barafu, na nilistahili. Kiti chako nilikuta amekikalia mama mnene mwenye sweta ya kijani. Nilipomwuliza Venedikt Osipovich anakaa wapi alinitazama kuanzia ndara kwenda juu, akasema jumba si ofisi ya kutafutia wajomba, na niondoe kiwiko kwenye marumaru.

Nitamtafuta. Kipaza sauti nimemrudishia Fadey. Ameuliza naumwa nini, nikamwambia mdomo. Amenipa kazi ya kushika kamba.

Zakhar


Petersburg, 3 Juni 1997

Bibi, shikamoo.

Hujaandika. Naandika mimi.

Siku zote za mapumziko nimekuwa nikizunguka majumba. Nyie walinzi wa kumbi ni kama polisi waliovaa sweta! Mmoja haniambii kitu, lakini nikitoka ukumbini kwake, wa ukumbi unaofuata ameshajua nimekuja kufanya nini. Sijui mnapigiana mbinja. Mama wa sweta ya kijani alilainika mara ya tatu, nilipomwambia natoka kwako. Akanituma ng'ambo ya mto kwenye jumba la makumbusho la vyombo vya baharini, kwa mlinzi aliyewahi kukaa naye. Yule akanituma kwa mwingine, kwenye jumba la nje ya mji lenye bustani, nikapanda treni. Huyo naye akasema: kijana, fundi wa saa utampata penye saa, akili yako iko wapi? Akanirudisha mjini, Jumba la Majira ya Baridi, kwenye ukumbi wa yule tausi wa dhahabu mwenye saa.

Niliwahi kuwaambia abiria kwamba tausi yule hutaga. Bibi, ni mzuri. Nilisahau nilichofuata, nikasimama.

Mlinzi wa pale anaitwa Roza Maratovna, mama wa Kitatari, mdogo wa umbo, macho makali. Alikuwa ameshasikia. Hakuningoja nifungue mdomo.

"Wewe ndiye uliyemwua Kapitolina?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Akanionyesha nikae kwenye kiti chake, jambo ambalo nimeambiwa hajawahi kumfanyia hata mkurugenzi. Akanieleza. Venedikt alikuwa akija pale kila siku wanapomtia tausi ufunguo. Mwezi wa Mei alikuja akiwa na kitambaa cheusi mkononi, akasema rafiki yangu amefariki, sasa nimebaki na binti tu. Tangu siku hiyo hajarudi, habari nyingine Roza amezisikia kwa watu. Chumba chake kwenye nyumba ya mtaa wa Kolomna ameshakiuza kwa haraka, anakaa kwa rafiki, Roza hajui ni nani wala wapi. Tiketi ya Krasnoyarsk ameshakata.

Nilitaka kukimbia stesheni papo hapo nikalale kwenye reli. Roza akanishika mkono, akasema kaa, kichwa cha samaki. Mtu wa saa hawezi kumwacha maiti wake njiani. Siku ya tisa ya kumkumbuka marehemu imeshapita, lakini hataondoka kabla ya arobaini. Atahesabu tangu Jumapili ile, na arobaini ataifanyia palepale alipompoteza, kwa kuwa kaburi hana.

Arobaini ni Alhamisi, tarehe kumi na tisa. Nitakuwa darajani. Lakini ataniamini vipi, Bibi? Mimi mwenyewe siku hizi sijiamini nikisema saa ngapi.

Zakhar


Staraya Russa, 10 Juni 1997

Zakhar,

Nilianza kukuandikia barua tatu, zote nimezitia kwenye jiko la Zoya. Zilikuwa na maneno ambayo mlinzi wa jumba la kifalme hapaswi kuyajua.

Kisha nikakaa nikitazama wale mbuzi, nikajiuliza: na wewe Kapitolina? Mkewe amekufa siku nyingi, mume wangu siku nyingi. Ni nani aliyetuzuia kupeana anwani? Kila mwaka nilifika pale nikitaka kusema, nikangoja aanze yeye. Yeye naye, namjua, alingoja nianze mimi. Tukajisifia desturi. Nikaiacha roho ya mtu ining'inie kwenye barafu, kisha nikamtuma kijana wa miaka kumi na saba aende kuidaka. Makosa yako ni yako, siyapunguzi hata chembe. Ila usibebe na ya kwangu, hayatakutosha.

Dereva wa basi la alfajiri, Prokhor, atakuletea mkate stendi Jumatano ya tarehe kumi na nane. Nimeukanda mwenyewe, nimekaa kwenye stuli, Zoya akinifokea. Giligilani zipo, nyingi kuliko anavyozipenda. Mpe huo. Karatasi hataiamini, mkate ataujua.

Ukifika usiseme chochote cha werevu.

Kapitolina Yegorovna


Petersburg, 20 Juni 1997

Bibi, shikamoo.

Alikuja.

Nilikuwa nimefika tangu asubuhi, mkate nimeufunga kwenye shati langu safi. Boti zilipita chini, zetu na za wengine, nikawa nasikia mizaha inapanda kutoka majini, na kila abiria wakicheka mimi najikunyata. Sikujua kwamba huku juu inasikika hivyo. Chini unadhani unaongea na boti yako tu.

Alivaa koti jeusi, mwezi wa Juni. Aliweka kitambaa chini ya simba mmoja, akatoa chapati za maji, akamimina glasi ndogo ya vodka, akaifunika kwa kipande cha mkate, kama anavyowekewa marehemu. Mzinga ukalia. Akatazama saa. Nikaenda. Miguu haikutaka, Bibi, niliiburuta kama ina zile ndara.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

Aligeuka taratibu. "Sauti hii naijua."

"Ndiyo, Mzee."

"Ulisema bibi harusi amenikimbia."

"Ndiyo, Mzee. Hakukimbia. Amevunjika nyonga."

Nikafungua shati, nikampa mkate. Aliunusa. Akaumega kidogo, akatafuna, akatoa mbegu moja mdomoni akaitazama kwenye kiganja muda mrefu, kama vile mafundi wa saa wanavyotazama kitu kidogo kilichokwama. Halafu mabega yakaanza kutikisika, sikujua analia au anacheka, nikasogea tayari kumshika asianguke mferejini. Akanisukuma. Akachukua kile kipande juu ya glasi, akawatupia bata. Glasi ya marehemu hainywewi na mtu, unajua. Yeye aliinywa yote, mpaka tone.

Nikamweleza kila kitu tangu rangi ya boti. Alisikiliza ameketi kwenye jiwe la simba, mkate mapajani. Nilipomaliza aliniuliza, "Walicheka wengi?"

Nikasema wengi.

Akasema, "Ilikuwa inachekesha." Basi. Hakunitukana, wala hakuniambia nimekusamehe. Nimeyangoja yote mawili mpaka leo.

Bibi, chumba kimeshauzwa, mnunuzi ameshavunja na ukuta. Treni ni kesho. Bintiye amempakia chumba rangi, mjukuu amechora saa ukutani ili babu asijione mgeni. Alikaa akiwaza, nikaona anavyopima, kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba isiyokuwa yake tena. Mwisho akasema hawezi kumvunja moyo mtoto kwa kosa la watu wazima. Nilitaka kumwambia kosa si la watu wazima, lakini uliniambia nisiseme cha werevu.

Anwani yake ameiandika nyuma ya tiketi ya makumbusho, nimeiweka humu. Amesema uanze wewe kuandika. Kisha akasema hapana, mwambie nitaanza mimi.

Kisha akasema nikuambie saa yake inakwenda sawasawa, ni mzinga uliokosea.

Zakhar


Staraya Russa, 14 Aprili 1998

Zakhar,

Marahaba. Nimechelewa kuitikia, karibu mwaka.

Ananiandikia kila Jumatatu, kama alivyokuwa akizitia saa. Anasema mto wa huko ni mpana, barafu yake ikipasuka madirisha yanatetemeka, na samaki wa huko hawanuki tango. Mimi nimemwandikia habari za mbuzi. Tulivyokuwa tukiachiana dakika chache kwa mwaka tulidhani tunajuana. Kumbe hata hakujua kwamba naogopa paka.

Nyonga imekataa kupona vizuri. Yeye kifua. Krasnoyarsk na hapa ni safari ya watu wenye miguu na mapafu, basi tumeshaelewana kwamba nafasi ya kuonana tulikuwa nayo pale darajani, na hatukuitumia. Sikuambii ili kukuumiza. Hata kama ungeufikisha ujumbe kwa wakati, ungetusaidia tu kusogeza aibu yetu mwaka mmoja mbele. Lakini pia ungetusaidia, Zakhar. Siwezi kukuandikia uongo.

Tumekubaliana jambo, amelianzisha yeye. Barafu ikipita, uende. Ipi, unajua. Ubebe samaki kwa niaba yake na mkate kwa niaba yangu.

Kapitolina Yegorovna


Petersburg, 10 Mei 1998

Bibi Kapitolina, shikamoo. Hii namwandikia na Mzee Venedikt, kwa maneno yaleyale, msije mkasema nimempa mmoja zaidi.

Ladoga ilimaliza kupita siku nne zilizopita. Nimekuwa nikienda ukingoni kila asubuhi kuitazama, mpaka wavuvi wakadhani natafuta maiti. Mji unanuka tango, watu wamerudia makoti yao wakinung'unika. Leo ni Jumapili yenyewe.

Nilimwomba Fadey ruhusa. Bado nashika kamba, kipaza sauti amepewa kijana mgeni, Lyonka, katoka Vologda, mdomo wake ungeupenda, Bibi. Majira ya baridi, tukitengeneza boti, alinisumbua nimfundishe mizaha yangu ya zamani, nami nikamfundisha. Yote. Nilipofika ule mmoja nikajifanya natafuta brashi, naye akasema kumbe huo anaujua, Fadey aliwahi kumsimulia, wa babu na bibi harusi. Ningeweza kumwambia usiutumie. Ningelazimika kumwambia kwa nini. Sikumwambia.

Nimesimama nimeegemea simba, asiye na mabawa. Mfuko wa wavu mkono huu, mkate mkono ule, giligilani nimezitia mwenyewe, ungeniona ungesema nimemwaga ghala. Viatu nimepiga rangi. Mzinga ukalia. Saa sina, nikatazama juu, nikatazama kushoto, kulia, ingawa najua hakuna mtu wa kuja. Mwili unageuka wenyewe, hauambiliki.

Boti yetu ikatokea kwenye kona. Nilimwona Lyonka kabla hajaniona, kofia ileile ya kuazima. Mimi nilikuwa na kofia ya marehemu babu yangu na jua lilikuwa usoni kwake, hakunitambua. Akanyanyua kipaza sauti. Nilijua linalokuja, neno kwa neno, na mahali atakapovuta pumzi.

"Kaka, usihangaike, bibi harusi amekukimbia, kaolewa na mwenye boti!"

Walicheka, Bibi. Wengi. Mtoto mmoja aliyekaa juu ya boya alinipungia mkono. Nyuma, kwenye usukani, Fadey alinitambua, akavua kofia na kutazama maji mpaka wakaingia chini ya daraja. Kicheko kilipita chini ya miguu yangu, kikatokea upande wa pili, kikaenda nao.

Mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa na la kujibu nikalimeza.

Nilisimama mpaka boti ikafanya mzunguko wa pili, ili nione kama nitaweza. Samaki sikuwarudisha majini. Nimewaleta nyumbani, nimewakaanga kwenye jiko letu, korido nzima inanuka, majirani wanagombana. Nimevua viatu, nimekaa sakafuni chumbani kwako na sahani mbili. Ya Mzee Venedikt nimemaliza. Yako naanza sasa.

Zakhar